Mholanzi wa kazini anadai singeli ni mtoto wa gabber. Nimjibuje?

Mbagala_Rotterdam

Wakuu, habari za humu ndani. Nimebanwa na hoja, naombeni wanaojua muziki mnisaidie.

Mimi ni mtu wa Mbagala, kwa sasa nipo Rotterdam, kazi yangu ni kupakia mizigo ghalani. Zamu ya usiku huwa tunaweka muziki kwenye kispika cha bluetooth, leo wewe, kesho mwenzio. Ilipofika zamu yangu nikaweka singeli. Kuna Mholanzi mmoja, mzee wa miaka hamsini na kitu, kipara, mtu asiye na maneno, akaacha kazi akaja. Akasema hii ni gabber. Nikamwambia hapana mzee, hii ni singeli, muziki wa Dar. Akacheka, kisha akaanza kurusha miguu hapo hapo kati ya mapaleti. Na kusema kweli, alikuwa anakwenda na biti vizuri tu!

Kwa wasiojua, gabber ni muziki wa huku huku Rotterdam. Mwanzoni mwa miaka ya 90 vijana walinyoa vipara, wakavaa suti za michezo, wakacheza usiku kucha ngoma yenye mapigo 160 kwa dakika na kuendelea, sauti imekwaruzwa mpaka inauma. Lebo yao kubwa, Rotterdam Records, ilianza 1992, na toleo lake la kwanza lilikuwa la kuikejeli Amsterdam, kama vile Simba na Yanga. Jamaa anajivunia hilo utadhani alirekodi yeye.

Hoja yake ni kwamba vijana wa Dar waliisikia gabber kwenye intaneti, wakaiongezea spidi, wakaiita singeli. Ushahidi wake: mapigo ni ya kasi, sauti imekwaruzwa, na video alizoona za wasanii wetu kwenye matamasha ya Ulaya zimejaa watu wanaocheza kama yeye.

Nimekosa la kumjibu. Singeli najua kuicheza tu, na Msaga Sumu nimemsikiliza sana kwenye daladala. Je, kuna ukweli wowote? Na kama hakuna, muziki huu ulitoka wapi?

Chizi_wa_Tandale

Mwambie aje na gabber yake kwenye kigodoro cha huku kwetu, ile sherehe ya mtaani ya kukesha. Tukiona mama hata mmoja amenyanyuka kumtunza, tunampa hatimiliki.

FundiSpika

Mbagala, huyo Mholanzi wako ana masikio mazuri, ila ramani ndiyo hana.

Mimi ni fundi wa redio na amplifaya, nimeshika kazi hii Manzese tangu ujana. Mjomba wangu alikuwa na mziki wa kukodisha, yaani spika na mashine zake, na mimi ndiye niliyekuwa nakwenda na mziki, maana kitu kikiungua saa nane usiku katikati ya shughuli hakuna duka la kukimbilia. Kwa hiyo nitakujibu kwa mashine, hayo mengine wataongeza wengine.

Kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, wengine wakiita mnanda. Hii ilikuwa ngoma ya uswahilini, ya harusi, ya kumcheza mwali, ya shughuli yoyote ambayo mwenyewe hana pesa za bendi wala kundi kubwa la taarab. Wapiga ngoma kadhaa, mwimbaji mwenye maneno makali ya mtaani, na kinanda kimoja cha Casio. Jagwa Music ndio waliosikika mpaka nje ya nchi, albamu yao ya Bongo Hotheads ilitolewa na lebo ya Ubelgiji mwaka 2012, lakini wakati huo walikuwa na miaka mingi mtaani, na hawakuwa peke yao.

Casio yenyewe usifikirie kinanda cha kanisani. Ni kile kidogo cha plastiki, vitufe vyembamba, walichokitengeneza watoto wajifunzie nyumbani. Vilivyofika mezani kwangu vilikuwa vimeshachoka. Spika ya ndani imekufa, mahali pa betri pameota kutu. Nilichokuwa nafanya ni kuvuta waya kutoka pale ilipokuwa spika ya ndani na kuuingiza moja kwa moja kwenye amplifaya, na amplifaya ikapeleka kwenye honi, zile spika za tarumbeta kama za msikitini. Sasa wewe fikiria: sauti imetoka kwenye kinanda cha mtoto, imezidishwa pale ilipokuwa haitakiwi kuzidishwa, halafu inapita kwenye honi iliyoundwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayesema. Besi hakuna. Inabaki ile sauti ya juu inayokata kama msumeno. Hatukuitafuta. Vifaa ndivyo vilivyotupa, watu wakaizoea, na baadaye ukiwaletea sauti safi wanakwambia mziki wako umelala.

Huko kwa mwenzako ukwaruzaji ulikuja kwa njia nyingine. Walichukua mashine ya ngoma, Roland TR-909, iliyotengenezwa kati ya 1983 na 1985 tu, wakalizidisha pigo la ngoma kubwa makusudi mpaka likapasuka. Masikio yakisikia matokeo yanaona ndugu wawili. Fundi akifungua nyuma anaona nyaya mbili tofauti kabisa.

Na hapa nikupe habari moja ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 1981 Casio walitoa kinanda kidogo kinaitwa MT-40. Midundo ya ndani yake, ile ya kubonyeza tu ikaanza kucheza yenyewe, ilitengenezwa na binti mmoja wa Kijapani aliyekuwa amejiunga na kampuni muda si mrefu, Hiroko Okuda. Mdundo mmojawapo uliandikwa "rock". Kinanda kikafika Jamaika. Mwaka 1985 Wayne Smith na King Jammy wakaubonyeza ule mdundo, wakaupunguza kasi, wakaimba juu yake, na Sleng Teng ikabadilisha reggae yote kuwa ya kompyuta. Dancehall hiyo ikavuka na Wajamaika mpaka London, na MC wa jungle, ule muziki wa kasi wa Uingereza, katika miaka ya 90 wanatoka humo humo. Yaani kinanda cha mtoto. Kingston walikipunguza kasi, Dar es Salaam tukakiongeza.

Sasa singeli yenyewe. Nilichokiona mimi ni hiki. Kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani ya usiku kucha, watu walikuwa wanapigiwa taarab ya kisasa, zile nyimbo ndefu za vinanda. Mwanzo wa wimbo akina mama wanasikiliza maneno, wanarushiana roho. Mwisho, mwimbaji akinyamaza na vyombo vikabaki peke yake, hapo ndipo uwanja unajaa. DJ akajua. Akawa anakata kile kipande cha mwisho, anakirudiarudia, anakipandisha spidi. Kijana wa mtaani akachukua maiki akaanza kuchana juu yake: kumsifia mwenye shughuli, kumtaja aliyetunza, kumsema jirani. Ilipofika laptop na Virtual DJ, programu ya kuchanganyia muziki, kazi ikawa nyepesi, maana spidi ni kusukuma tu kidole. Kutoka hapo tukafika mapigo 200, na wengine wakagusa 300.

Kwa nini kasi hivyo? Wasomi watakupa sababu zao. Mimi nilikuwa nyuma ya spika, nakwambia ni ushindani. Mtaa wa pili nao una kigodoro, mziki wao unasikika, na ukipiga polepole kuliko wao wateja wako wanahamia kule. Na saa tisa usiku mtu aliyechoka haamshwi na kitu cha taratibu.

Gabber hakuna aliyeijua mtaani kwetu. Mimi mwenyewe nimeisikia nikiwa mtu mzima, kwenye simu ya mwanangu, na nikadhani spika imepasuka.

Binti_Majengo_Mombasa

Mzee FundiSpika shikamoo. Mimi ni wa Mombasa, na nikisikia mchiriku naisikia chakacha, ngoma yetu ya harusi, mle ndani. Zile ngoma za chini ukizisikiliza bila kinanda, kiuno kinajua chenyewe kinakoelekea. Harusi zetu za kina mama bibi yangu alikuwa akipiga kitu kama hicho kwa mkono mtupu, hakuna umeme wala nini.

Nadhani hilo ndilo Mholanzi hawezi kulisikia. Kwa gabber pigo ni moja, zito, sawasawa, kila mara: du, du, du, du. Kwa singeli ukiondoa hiyo kasi, chini yake mapigo yanapishana, moja liko huku jengine liko kule. Ndiyo maana mtu wa kwetu hatupi miguu juu akicheza, anacheza na kiuno. Mwambie apunguze spidi nusu kwenye simu yake, aiskize tena.

Mchaga_Kampala

Nakaa Kampala, nimefuatilia huu upande wa pili, yaani jinsi ulivyofika Ulaya, maana huko ndiko jamaa wa Rotterdam anakochanganyikiwa.

Mlango ulikuwa Uganda. Arlen Dilsizian na Derek Debru walianzisha tamasha la Nyege Nyege Jinja, kwenye mto Nile, mwaka 2015, na baadaye lebo ya jina hilo hilo. Mwaka 2017 lebo ikatoa Sounds of Sisso, mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso pale Mburahati. Baada ya hapo zikafuata za Bamba Pana, Jay Mitta, Duke, na 2022 DJ Travella ambaye alikuwa kijana mdogo kabisa. Wakaanza kuitwa matamasha ya muziki wa kielektroniki Ulaya, na waandishi wa huko, kwa kuwa hawakuwa na jina la kuuita, wakaufananisha na walichokijua: gabber, punk, hardcore.

Angalia lakini kilichotokea njiani. Majina niliyoyataja mengi ni ya maprodyuza. Ukimuuliza kondakta wa daladala akutajie singeli, atakutajia Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila. Ma-MC. Nyumbani singeli ni mtu anayesema, biti inamsindikiza. Kule haieleweki anachosema, kwa hiyo biti ndiyo imekuwa muziki wote, na ikishabaki biti peke yake ni kweli inakaribia gabber. Mzungu wako anasikiliza nusu ya wimbo.

Mstaarabu1974

Mnapoteza muda. Singeli ni matusi na kelele za wahuni, vigodoro vilikuwa uchafu mtupu, watoto wanakesha barabarani. Serikali ilifanya vizuri kuvipiga marufuku. Badala ya kujivunia taarab na dansi ya Msondo na Sikinde mnajivunia kompyuta iliyoharibika.

FundiSpika

Binti wa Majengo, marahaba. Umesema kitu ambacho mimi na mafundi wenzangu hatujawahi kukisema vizuri hivyo. Na ni kweli kuhusu spidi nusu, jaribuni wote.

Mchaga, nakubaliana na wewe, isipokuwa tuwape na maprodyuza haki yao. Miaka yote mtaani prodyuza alikuwa hajulikani hata jina, analipwa soda. Angalau huko nje jina lake limeandikwa kwenye kava.

Mstaarabu, ndugu yangu, sikatai kuwa vigodoro vilikuwa na mambo. Nimewahi kukimbia na amplifaya kichwani. Ila hukumu yako si mpya. Julai 1979 pale Chicago, kwenye uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, walikusanya sahani za santuri za disko wakazilipua kwa baruti katikati ya kiwanja, watu wakavamia uwanja, mechi ikavunjika. Disko ulikuwa muziki wa watu weusi, Walatino na mashoga, na waliolipua walikuwa wanashangilia kifo chake. Lakini katika mji huo huo, ndani ya ghala la zamani lililogeuzwa klabu, Frankie Knuckles alikuwa ameshaanza kupiga tangu 1977, akaendelea kukata na kurefusha disko ile ile waliyoichukia. Klabu iliitwa Warehouse, na muziki wa house ulipata jina hapo. Uingereza nao 1994 walitunga sheria ya kuzuia mikesha ya namna hii, na sheria yenyewe ikaandika wazi kwamba inahusu muziki wenye mapigo yanayojirudiarudia. Bunge zima limekaa linajadili mapigo! Mafundi wa mziki tulikuwa tunaulizwa kibali tu.

Na wewe Mbagala, hapo ndipo kwenye jibu lako kwa huyo mzee, kama unataka kummaliza kwa heshima. Muulize gabber yake imetoka wapi. Roland walitoa kisanduku kidogo TB-303, 1981, kimsindikize mpiga gitaa asiye na mpiga besi. Hakikusikika kama gitaa la besi hata kidogo, hakikununuliwa, wakaacha kukitengeneza 1984. Vikatupwa kwa bei ya mitumba. Vijana weusi wa Chicago, kundi linaitwa Phuture, wakakichukua, wakaanza kuzungusha vile vitufe wakati kinacheza, kikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mwaka 1987 ikatoka acid house. Detroit nako Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, waliosoma pamoja Belleville, walikuwa wanasikiliza Kraftwerk, bendi ya Ujerumani ya muziki wa mashine, redioni, wakaichanganya na funk ya kwao, ikawa techno. Hivyo viwili vikavuka bahari. Frankfurt, 1990, prodyuza Marc Acardipane akaikaza na kuikwaruza, na Rotterdam wakaichukua kutoka hapo.

Kwa hiyo hata kipara chake kimenyolewa kwa wembe wa Chicago. Muziki wake una mababu weusi wa Marekani na bibi Mjerumani, na mashine zilizokataliwa dukani. Singeli ina mababu zake wengine, Wazaramo na watu wa pwani, na mashine iliyokataliwa vilevile. Hao wawili si baba na mtoto. Walikutana ukubwani.

Mbagala_Rotterdam

Shikamoo mzee wangu FundiSpika, na asanteni wote. Hii ya Frankfurt nimemwambia leo, akanyamaza, halafu akasema Acardipane anamjua, alinunua sahani yake. Ya Chicago pia akakubali. Ila sasa amekuwa mbishi upande mwingine: anataka kusikia mchiriku wenyewe, anasema bila kusikia haamini. Nimwekee nini, na kwa mpangilio gani? Na hiyo ya spidi nusu nilijaribu, dada wa Mombasa, nimebaki mdomo wazi.

FundiSpika

Marahaba baba. Anza na Jagwa Music, hiyo albamu ya 2012, inapatikana. Asikilize Casio tu kwanza, wimbo mmoja au miwili, kabla hujamwambia lolote. Kisha mtafutie taarab ya kisasa yoyote ndefu, umpeleke moja kwa moja dakika za mwisho, mwimbaji akishanyamaza. Halafu ndiyo umwekee Sounds of Sisso. Atakitambua kile kipande mwenyewe, huna haja ya kumwonyesha. Ukimaliza mwekee Msaga Sumu na umtafsirie mistari michache, ile inayotafsirika mbele ya watu.

Ila usitumie hicho kispika cha bluetooth, kinaminya sauti, kila kitu kinakuwa sawa na kila kitu, ndiyo maana kwanza alidhani ni gabber. Kama hapo ghalani kuna ile honi ya kutangazia wafanyakazi, omba ruhusa kwa msimamizi.

Chizi_wa_Tandale

Mzee Fundi unamtafutia mwenzetu barua ya kuachishwa kazi.